Kupiga msasa sakafu ya mbao kwa mashine hadi iwe laini: mwongozo kamili

Sakafu ya mbao hutoa siri zake ikishapakwa vanishi. Mikwaruzo iliyofichwa na vumbi, mawimbi ambayo mguu haukuyahisi, alama za nusu duara kandokando ya ukuta, vyote hujitokeza jioni jua linapoingia dirishani kwa mshazari. Hapo mwenye nyumba humlaumu muuza vanishi, na fundi husema msasa wa mwisho haukuwa laini vya kutosha. Mara nyingi wote wawili wanakosea. Kasoro iliingia siku ya kwanza, kwa msasa wa kwanza, na misasa yote iliyofuata ikapita juu yake bila kuiondoa.

Msasa wa kwanza kazi yake ni kusawazisha. Kila msasa unaofuata una kazi moja tu, nayo ni kufuta mikwaruzo ya ule uliotangulia na kuacha midogo zaidi. Yote nitakayoeleza hapa yanatokana na hilo.

Ninaandika nikifikiria zaidi parketi za mbao ngumu zilizotandikwa katika nyumba na fleti nyingi za Nairobi na miji mingine ya Afrika Mashariki: mvule, muhuhu, mninga, mtiki, mkongo. Mambo mengi yanafaa pia kwa mbao ndefu zinazoungwa kwa ulimi na mfereji, na panapotofautiana nitasema.

Kagua kabla ya kukodi mashine

Kwanza, hakikisha sakafu yako ni ya kupigwa msasa. Laminati haipigwi kabisa. Mbao unayoiona juu ni picha iliyochapishwa. Mbao za tabaka zina ngozi ya mbao halisi juu, nyingine milimita 3 au 4, nyingine chini ya hapo, na hizo nyembamba mashine huzitoboa mara moja. Parketi ya vijiti vidogo vilivyopangwa kwa miraba kwa kawaida ina unene wa milimita 8 ikiwa mpya. Vipande vikubwa vya parketi ya zamani hufika milimita 20 hivi. Ng'oa kizingiti cha mlango au kipande kilicholegea, upime kwa rula. Kupiga msasa kikamilifu hula kati ya nusu milimita na milimita nzima, kwa hiyo sakafu ya vijiti iliyokwisha kupigwa mara kadhaa inahitaji mkono mwepesi sana. Kwa mbao za ulimi na mfereji, unene unaohesabika ni ule ulio juu ya ulimi tu.

Pita chumba kizima ukigonga kwa mpini wa nyundo. Panapolia utupu, kipande kimeachia. Usipange kukigandisha baadaye. Kipande kinachocheza chini ya ngoma, ile silinda ya mashine inayozungusha msasa, hupanda na kushuka, na hukatwa kwa kina tofauti na majirani zake, kisha alama hiyo haifutiki kwa msasa laini. Kwenye nyumba za zamani utakuta parketi ilibandikwa kwa lami nyeusi. Kwangua lami yote iliyo chini ya kipande na kwenye zege, kwa sababu gundi za kisasa hazishiki vizuri juu yake, kisha bandika na uache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Misumari izamishe kwa panchi hadi milimita 3 chini ya uso wa mbao. Msumari mmoja uliosahaulika huchana mkanda wa msasa, na cheche yake huingia moja kwa moja kwenye mfuko uliojaa unga wa mbao.

Suala la unyevu hupuuzwa sana. Mbao zilizolowa kwa bomba kupasuka huinua kingo zake na kubonyea katikati. Anayezisawazisha zikiwa bado na maji ataziona zimenyooka siku hiyo. Zikikauka kingo zitashuka, na kila mbao itabaki na mgongo. Subiri. Mbao hufuata hewa iliyopo: penye unyevunyevu wa hewa wa asilimia 75, kama ilivyo kawaida pwani, hutulia kwenye asilimia 14 hivi ya maji, na bara penye hewa kavu hushuka chini ya hapo. Azima kipimo cha unyevu, pima sehemu iliyolowa na sehemu ambayo haikulowa, na uanze pale namba zinapokaribiana.

Sakafu iliyopakwa nta kwa miaka ni shida ya aina yake. Nta huyeyuka kwa joto la ngoma na kuziba msasa ndani ya dakika chache. Ifute kwanza kwa tapentaini na matambara, fungua madirisha, na usiwashe mashine yoyote hadi harufu iishe kabisa.

Mashine tatu, waya mmoja

Unahitaji mashine ya ngoma kwa eneo kubwa, mashine ya pembeni kwa kandokando ya ukuta, na mashine ya duara yenye pedi pana, ile inayotumika pia kupiga polishi, kwa hatua ya mwisho. Ukipewa nafasi ya kuchagua mashine ya ngoma, chukua inayotumia mkanda mzima usio na mwisho, kama Hummel ya kampuni ya Lägler ya Ujerumani. Mashine zinazofungwa karatasi kwa skrubu zina mfuo kwenye ngoma, na kila ngoma inapozunguka, mfuo ule hugonga sakafu. Zinafanya kazi, lakini zinadai karatasi ivutwe ikaze sawasawa pande zote.

Mahali pa kukodi usiangalie rangi ya mashine. Igeuze. Pitisha kidole kwenye magurudumu yake, kwa sababu tone moja la gundi au vanishi lililokauka juu ya gurudumu hurusha mashine kila linapopita chini, na utapata safu ya mawimbi yanayolingana chumba kizima. Angalia mpira wa ngoma kama una mikato. Washa mashine hewani: ikitetemeka mikononi mwako ikiwa tupu, itatetemeka zaidi ikiwa kazini. Jaribu wenzo wa kushushia ngoma mara kadhaa. Unatakiwa kushuka taratibu, usidondoke.

Umeme nao huonekana kwenye sakafu. Mashine ya kilowati 2 na zaidi inahitaji ekstensheni yenye waya wa milimita za mraba 2.5, fupi kadiri inavyowezekana, na iliyokunjuliwa yote, kwani ikiachwa imeviringishwa hupata moto. Waya mwembamba hushusha nguvu, ngoma hupunguza kasi inapokutana na mbao ngumu, kisha huongeza tena, na kupanda na kushuka huko huandikwa kwenye sakafu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, inua ngoma na uzime swichi ya mashine papo hapo. Umeme ukirudi wakati ngoma imelala juu ya mbao, ngoma itachimba mtaro ambao hakuna vanishi itakayouficha.

Vumbi si usumbufu tu

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi, na la mtiki halina heri. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Nunua barakoa yenye kichujio cha vumbi laini inayobana uso vizuri, miwani na viziba masikio. Rangi ya zamani sana huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo isiondolewe kwa mashine hadi ipimwe.

Mfuko wa vumbi ukijaa theluthi moja, mwaga nje kwenye pipa la chuma lililo mbali na nyumba. Unga uliochanganyika na vanishi ya zamani unaweza kujipasha joto na kuwaka wenyewe usiku, watu wakiwa wamelala. Mfuko usilale ndani ya nyumba ukiwa na kitu.

Uanze na namba gani?

Namba ndogo, msasa mkali. Chembe za msasa wa 40 zina wastani wa milimita 0.4 hivi, za 80 ni 0.2, za 120 ni 0.125. Hapo utaona kwa nini kuruka kutoka 40 hadi 100 hakufai: chembe ndogo haifiki mwisho wa mfereji uliochimbwa na chembe kubwa. Hulainisha vilele tu, kiganja kikapita na kuridhika, na mfereji ukabaki ukisubiri vanishi.

Usianze na mkali kwa mazoea. Chagua sehemu isiyoonekana sana na ujaribu 60. Ikiondoa vanishi ya zamani na kusawazisha maungio kwa mipito miwili, anzia hapo, hujapoteza unene bure. Ikishindwa, rudi 40. Msasa wa 24 uachie sakafu zenye rangi nene au vipande vilivyopishana sana. Baada ya hapo panda ngazi kwa ngazi: 40, 60, 80, halafu 100 au 120 kwa mashine ya duara.

Mbao zetu ngumu zina tabia zake. Muhuhu ni mzito na una mafuta yenye harufu nzuri, na msasa huchoka juu yake haraka kuliko unavyotarajia; mkanda uliochoka haukati tena, unachoma na kung'arisha. Mvule nao wakati mwingine huwa na mawe ya chokaa ndani ya mbao yenyewe. Ukiona mkwaruzo mmoja mrefu ulionyooka unajirudia kwenye kila mpito, simamisha mashine utazame mkanda. Nunua mikanda ya ziada, ukikubaliana na muuzaji kwamba isiyofunguliwa utarudisha.

Kuendesha ngoma

Kanuni ya kwanza haina msamaha: ngoma hugusa sakafu ukiwa tayari unatembea, na huinuka kabla hujasimama. Anza kutembea, shusha wenzo taratibu, tembea kwa mwendo wa polepole usiobadilika, na hatua moja kabla ya mwisho uuinue taratibu huku bado unakwenda. Rudi nyuma kwenye njia ileile, kwa mwendo uleule. Kisha sogea pembeni kwa nusu ya upana wa ngoma au pungufu, uanze tena. Jizoeze mara kadhaa mashine ikiwa imezimwa hadi miguu na mkono wa wenzo vipatane.

Gawa chumba. Simama na mgongo ukielekea ukuta mmoja na upige theluthi mbili za urefu, kisha geuka upande wa pili upige theluthi iliyobaki, sehemu mbili zikipandana kwa kama sentimita 60. Pale zinapokutana usisimamie mstari mmoja kila mara. Mpito mmoja uishie hapa, unaofuata mbele kidogo, ili makutano yatawanyike.

Mbao ndefu zikiwa zimenyooka, fuata nyuzi tangu mwanzo. Zikiwa zimepishana, mpito wa kwanza upige kwa mshazari mdogo, kisha namba zinazofuata urudi kwenye nyuzi. Parketi haina mwelekeo mmoja wa nyuzi, na hapa ndipo wengi hupotea. Msasa wa kwanza upige kutoka kona hadi kona. Wa pili ukate mshazari wa upande mwingine, uvuke njia za kwanza. Wa mwisho wa ngoma uende sambamba na mwanga unaotoka kwenye dirisha kubwa, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mwanga hauonekani kama unaouvuka.

Kabla ya kila namba, chora kwa penseli mistari ya kupinda sakafu nzima, bila kukandamiza. Mistari ikifutika yote, umefika kila mahali. Ikibaki mahali, pana bonde, na namba inayofuata haitalifikia.

Ukiona mawimbi, acha kusukuma. Sababu zake zinajulikana: umetembea haraka, mkanda wa mota umechakaa, gurudumu lina uchafu, umeme hautoshi, au sakafu yenyewe inacheza. Ondoa sababu, kisha rudia kwa namba ileile ukivuka mawimbi kwa mshazari. Anayefuata njia ileile huyafuatisha mawimbi na kuyazidisha kina.

Na fagia. Fagia kila baada ya namba moja, halafu pitisha kifyonza vumbi, halafu futa magurudumu ya mashine na nyayo za viatu vyako. Chembe moja ya 40 iliyobaki chini ya msasa wa 80 huchora mistari ambayo utaikuta siku ya vanishi.

Pembeni na konani

Mashine ya pembeni ni ndogo na kali. Ukiikandamiza, ukingo wa diski huuma na kuacha alama za nusu duara. Iache uzito wake ufanye kazi, mikono yako iongoze tu, ukiipeleka kwa mizunguko midogo inayopandana kutoka ukutani kuingia kwenye eneo la ngoma. Isisimame mahali pamoja ikiwa inazunguka.

Kosa ninaloliona sana ni kuacha pembeni zote hadi mwisho na kuzipiga kwa namba moja. Pembeni zifuate ngoma namba kwa namba: ngoma 40, pembeni 40, ngoma 60, pembeni 60. Usipofanya hivyo, ukuta utakuwa na fremu ya rangi tofauti, kwani mbao yenye mikwaruzo mikubwa hunywa vanishi zaidi na kuwa nyeusi. Kona na sehemu za nyuma ya milango zimalize kwa skrepa iliyonolewa, ukivuta kufuata nyuzi, kisha msasa wa mkono wa namba ileile uliyofikia.

Kujaza nyufa

Wakati mzuri ni baada ya namba ya pili. Unga uliotoka kwenye msasa wa 80 ndio wenye rangi na ulaini unaofaa, kwa hiyo piga 80 kwenye eneo dogo na uukusanye, au tumia uliohifadhi kutoka chumba cha kwanza. Uchanganye na dawa ya kujazia ya kimiminika inayouzwa kwa kazi ya sakafu hadi uwe kama uji mzito, mwaga na usambaze kwa mwiko mpana wa chuma sakafu nzima, ukipita pande mbili ili uingie kwenye kila ufa.

Mafundi wengi huchanganya unga na gundi nyeupe ya mbao kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Nakusihi usifanye hivyo. Gundi hiyo ikikauka huacha utando unaokataa vanishi na rangi, na huenea zaidi ya ufa, ikaacha madoa meupe kandokando ya kila kipande. Nyufa pana kuliko milimita 3 au 4 hazishiki kijazio. Zichongee vijiti vya mbao ileile. Na kwenye mbao ndefu zinazotanuka na kusinyaa kwa misimu, acha nyufa nyembamba zilivyo, kwa sababu kijazio kitavunjika na kutoka.

Mpito wa mwisho na tochi

Baada ya 80 ya ngoma na ya pembeni, leta mashine ya duara na wavu wa msasa wa 100, juu ya pedi. Mashine hii haisawazishi chochote. Inachanganya mikwaruzo ya ngoma na ya pembeni iwe ya namna moja, ili jicho lisione mpaka kati ya eneo moja na jingine. Ipeleke upande kwa upande, mpini ukiinuliwa kidogo uende kulia na ukishushwa uende kushoto, na mashine nyingi hutulia ukishaacha kupigana nazo. Ishia 100 kwa vanishi ya mafuta, 120 kwa ya maji. Kwenda 180 au 220 kwenye mbao tupu kunaonekana ni bidii, kumbe unaifunga mbao, na vanishi haitapata pa kushika.

Sasa funga mapazia au subiri jioni. Weka tochi yenye mwanga mkali sakafuni kabisa, ilale, na uinamie upande wa pili. Kila wimbi litatupa kivuli, kila alama ya pembeni itaonekana kama ukucha. Kisha chukua kitambaa kilichokamuliwa vizuri, futa eneo la mita moja ya mraba na utazame kabla maji hayajakauka: rangi utakayoiona inakaribia ile ya vanishi, na mikwaruzo iliyojificha hujitokeza myeusi. Maji hayo pia husimamisha vinyweleo vya mbao, kwa hiyo yakikauka lilainishe eneo hilo tena kwa wavu wa 100. Ukikuta kasoro, usiisugue kwa msasa laini ukitumaini itaisha. Rudi kwenye namba inayoweza kuifikia, kisha panda ngazi tena, hata kama ni eneo la hatua mbili. Ndiyo kazi inayochosha zaidi kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha sakafu nzuri na ya kawaida.

Vanishi

Fyonza vumbi mara mbili, mara ya pili baada ya saa moja, maana vumbi la hewani litakuwa limeshatua. Futa kuta, skatingi na fremu za madirisha pia. Mtiki na mvule zina mafuta yanayoweza kuchelewesha vanishi kukauka. Jaribu konani kwanza, na ikibidi futa sakafu kwa kimiminika kilichopendekezwa na mtengenezaji wa vanishi na upake mara tu kitakapokauka.

Lita moja hupaka mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Mkono wa kwanza utaifanya sakafu ikwaruze kidogo ukipitisha kiganja, na hilo ni la kawaida. Ikikauka vizuri, pitisha msasa wa 150 hadi 220 kwa wepesi, fyonza, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha paka wa pili. Mikono mitatu inatosha kwa sebule. Zima feni wakati wa kupaka, zirudishe vanishi ikishashika.

Kutembea kwa soksi mara nyingi kunawezekana siku inayofuata. Samani zinyanyuliwe, zisiburutwe, na miguu yake ibandikwe vipande vya feliti. Zulia lisubiri angalau wiki mbili, kwa kuwa vanishi bado inaendelea kukomaa na inahitaji hewa. Hata baada ya hapo lisogeze mara kwa mara katika miezi ya mwanzo: mvule na mninga hubadilika rangi kwa mwanga, na sehemu iliyofunikwa itabaki na rangi tofauti.